Nukta Mfu ya Cherehani

Nyakabanda, Kigali
9 Februari 1992

Twahiru,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, mguu tu unanisumbua, usiulize. Shangazi yako na wanawe hapo Buyenzi hawajambo?

Sasa nieleze. Shangazi yako ameandika kwamba umeanguka mtihani wa mitambo, na ukianguka tena Machi shule inakurudisha nyumbani. Swali lenyewe lilikuwa nini? Umelelewa chini ya cherehani halafu mashine zikushinde! Watu hapa nitawaambia nini?

Jibu upesi, na herufi uziandike kubwa. Macho yamechoka.

Bibi yako


Buyenzi, Bujumbura
20 Februari 1992

Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, shangazi anakusalimu sana.

Swali lilisema: eleza maana ya nukta mfu katika mashine, na matumizi yake. Niliacha karatasi nyeupe. Lakini mguu umevimba kiasi gani? Nasikia unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Shule si kitu, Bibi. Nikirudi nitashona mimi.

Mjukuu wako, Twahiru


Nyakabanda
1 Machi 1992

Weye Twahiru,

Salamu nimepokea. Nimekuuliza mtihani, wewe unanijibu mguu.

Hiyo nukta mfu hata mimi niliyeishia chuoni kwa maalimu naijua, jina tu sikuwa nalo. Pedali inapanda na kushuka, fimbo yake inazungusha gurudumu. Kila mzunguko, mara moja juu kabisa na mara moja chini kabisa, fimbo na kikono cha gurudumu vinanyooka mstari mmoja. Hapo kanyaga mpaka utoke jasho, halizunguki. Linavuka kwa sababu ni zito na lilikuwa mwendoni. Likikwama, unalisukuma kwa mkono, basi.

Matumizi? Nikienda kuswali naisimamisha cherehani hapo hapo, makusudi. Ulipokuwa na miaka mitatu ulikuwa unapanda pedali kwa miguu yote miwili, sindano haishuki, unalia kwa hasira. Vidole vyako vilinusurika na sindano hivyo. Ukaacha karatasi nyeupe, wewe? Niambie ukweli.

Bibi yako


Buyenzi
14 Machi 1992

Bibi,

Shikamoo, na saumu njema. Ni kweli, jibu nililijua. Niliacha makusudi ili wanirudishe. Mtihani wa pili ni tarehe 30 na nitaacha tena. Utanigombeza nikifika. Tangu baba afariki, nani atakukanyagia kama si mimi?

Mjukuu wako, Twahiru


Nyakabanda
22 Machi 1992

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Nafunga, namshukuru Mungu. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ikuwahi.

Jana cherehani imeondoka. Nimempa Mukasine, yule jirani anayenipigia pindo. Sikumwazima, nimempa. Wanaume wawili waliibeba, mmoja akagonga mlango nayo, nikamtukana na saumu yangu. Mukasine atashona kwake, mimi nitamkatia vitambaa nimekaa, mguu juu ya kigoda. Miaka thelathini na moja nimeikanyaga. Kama nililia, hayakuhusu.

Kwa hiyo usinirudie hapa na huruma yako. Chumba cha mbele kiko kitupu, huna cha kukanyaga. Tarehe thelathini ushike kalamu uandike.

Bibi yako