Namba Tisa wa Makapera

Ghent, 12 Januari 1997

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mgongo unasemaje kwa baridi hii? Mimi mzima, isipokuwa goti. Daktari amesema basi, nimetundika daluga. Miaka kumi na saba, mama: Split huko kwetu, Bursa kule Uturuki, kisha hapa Ubelgiji. Juzi klabu ilinipa maua na jezi ndani ya fremu, nikalia mbele za watu. Msimu huu sikufunga hata bao moja, kwa hiyo Pasaka siji. Stipan wa mkahawani atanimaliza kwa maneno.

Mwanao, Jerko

Vrgorac, 26 Januari

Mwanangu,

Sijambo, mgongo ni uleule. Pole na goti. Nililia kidogo, kisha nikaenda kupogoa mizabibu. Stipan anasema, "Mwambie aje! Mabao kayaacha Uturuki, tumbo si atakuja nalo?" Nikamjibu lake limeshatangulia.

Jumatatu ya Pasaka waliooa wanacheza na makapera, kama kila mwaka. Makapera wamepigwa miaka minne mfululizo, wanakungoja. Nimekuandikisha namba tisa kwa Stipan, ndiye mwenye orodha. Una miaka thelathini na mitano, utakuwa babu yao. Aibu hiyo ni yako, si yangu.

Mama yako

Ghent, 9 Februari

Mama,

Natumaini u mzima. Mwambie Stipan anifute kwa makapera. Usikasirike, mechi nitacheza, goti likikubali. Ila niandikwe kwa waliooa.

Anaitwa Liesbet. Ndiye aliyekuwa akininyoosha goti hospitalini. Nilipolalamika aliniuliza, "Wafungaji wote mko hivi, au ni wewe tu?" Tulifunga ndoa Oktoba, ofisi ya manispaa, mashahidi wawili. Kila barua nilianza kukuambia, nikaishia kukuuliza mgongo. Nisamehe.

Mwanao

Vrgorac, 16 Machi

Jerko,

Afya ninayo. Wiki tano sijakuandikia kwa sababu ya hasira. Nimepaka chokaa nyumba nzima, hata banda la kuku. Mwanangu wa pekee anaoa, na mimi niko hapa nachuma kabichi!

Jana nilienda kwa padri kukushtaki. Akaniuliza, "Luca, unataka kushinda au unataka mkwe?" Nikatoka pale moja kwa moja hadi buchani.

Mlete. Nyama nimeshaagiza. Stipan amekufuta, na makapera wanakuita msaliti.

Mama yako, bado nimenuna

Vrgorac, 6 Aprili

Wanangu Jerko na Liesbet,

Natumaini mmerudi Ghent salama. Hapa gumzo ni mechi tu. Kukosa goli tupu, hatua tatu, Jerko, mbele ya mji mzima! Stipan anawaigizia wateja kila asubuhi, analala chini miguu juu kama wewe. Waliooa mmefungwa tano kwa mbili, lakini tangu uanze kulipwa kwa kucheza sijakuona ukicheka uwanjani namna ile.

Liesbet, uliposimama ukapiga kelele "Mtoeni huyo!" kwa lugha yetu, wanawake wote walikupenda papo hapo. Bado wananiuliza unarudi lini. Nimewaambia Juni, na safari hii mnahamia. Chumba cha juu ni chenu.

Jerko, msomee mkeo barua hii polepole, wala usiruke pale nilipokucheka.

Mama yenu