Ule Upepo wa Nyuma ya Ndege Kubwa

Magesa mjukuu wangu, za huko? Huku Nyasho wazima, shangazi yako wa Bunda kajifungua mapacha, na jirani yangu bado kaninunia. Ila barua yako imenitia hasira. Eti mwalimu wako wa urubani kakusimamisha kwa sababu ulitaka kuruka papo hapo nyuma ya ndege kubwa, na wewe unamwita mwoga? Unaniuliza dakika tatu za kusubiri zina nini?

Enzi zile hata sabuni tulikuwaga tunaitafuta, dada yangu, yaani bibi yako, alishikwa uchungu siku mbili. Ndege ndogo ya daktari ikaja Musoma kumpeleka Mwanza. Kabla yake ikaruka ndege kubwa ya wageni waliotoka Butiama. Rubani wetu akasimama tu mlangoni. Nikajua anawapa wakubwa heshima, kama tunavyowapishaga wazee njiani. Nikamfokea, "Wameshaondoka, bado unamsujudia nani?"

Akaniuliza, "Binti, wewe mtu wa ziwa. Meli ikipita, unapeleka mtumbwi nyuma yake hapo hapo?"

Hilo nililijua. Mtumbwi wa kaka yetu ulipinduliwa na mawimbi ya meli, meli yenyewe imeshafika mbali.

"Na ndege kubwa inaacha upepo unazunguka nyuma, ila hauonekani. Hii yangu ni kama mtumbwi."

Tukasubiri, dada analia, mimi nimevimba. Ndipo wakaruka.

Jioni ile mama yako akazaliwa. Sasa nenda kamwombe mwalimu msamaha. Dagaa nilizokukaushia utazipata akishakusamehe.

Bibi yako mdogo, Nyasho.