Nguo ya Kwenye Mchoro

Riverdale Park, Maryland
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mpendwa Mama Mdogo Kageha,

Pokea salamu zangu za upendo. Magoti yanasemaje baada ya pilkapilka za mazishi? Umeanza kupata usingizi? Mimi mwili ni mzima, ila moyo bado umeshtuka, na nisipokueleza nitapasuka.

Unajua makaratasi yangu hayakuniruhusu kuja kumzika mama. Basi niliwaomba Marafiki wa huku, Waquaker wenzetu wa kanisa, wamfanyie ibada ya kumuaga jana. Wakakubali, wakanitumia kadi yenye mchoro wa penseli: mwanamke mwenye gauni refu lisilo na urembo wowote, shali mabegani, na kofia inayofunika masikio, imefungwa kwa utepe kidevuni.

Nikajua hiyo ndiyo sare yao. Kwetu ni mama gani wa kanisa angekwenda kumuaga mtu bila sare? Nikampelekea kadi Akinyi, fundi wangu wa nguo wa Landover. Akacheka, "Sasa Violet, na hii joto si utaiva?" Nikamwambia ashone tu, mama yangu haagwi ovyo ovyo.

Mama Mdogo, nilipoingia nilitamani ardhi inimeze! Watu wamevaa jinzi na kandambili. Mzee mzima kavaa kaptula, ndani ya nyumba ya Mungu! Kumbe mchoro ule ni wa mabibi zao wa kale, na sare nimeivaa peke yangu.

Kabla sijapoa, wote wakanyamaza. Bibi mmoja alikuwa amenieleza mlangoni kwamba atakayeguswa na Roho ndiye atakayesema, lakini mimi nilidhani mchungaji yuko njiani, kama kwetu. Nikangoja wimbo, nikangoja maombi. Kimya. Mara wakaanza kupeana mikono, ibada imekwisha, wanachukua mikoba yao!

Nilipigwa na butwaa. Mama ameagwa na hakuna aliyemtaja hata jina! Nikasimama na kofia yangu, nikapaza sauti kwa Kiswahili, "Kaeni chini! Mimi sijamaliza na mama yangu!"

Hakuna aliyeelewa neno, lakini walikaa wote. Nikawasimulia kwa Kiingereza cha machozi habari za Sabeti Muhonja, alivyokuwa akiimba huku anachuma chai, na alivyogombana na kila mtu kisha akampikia. Nilipomaliza wakanyamaza tena. Safari hii wote tulijua tunamnyamazia nani.

Nisalimie Mjomba Asava na dada Kasiva. Mungu akutunze sana, Mama Mdogo, maana sasa nikisema "mama" ni wewe tu wa kuniitikia.

Mwanao akupendaye,
Violet