Faini ya Kumkasirikia Mtani

Ijumaa, mwezi wa Mfungo Tano. Kwamndolwa. Alasiri imeshapita, jua bado kali, na nyumba imetulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Leo tumesoma arobaini ya baba, na mimi nimesoma mbele ya watu.

Ngoja niandike taratibu. Leo ni siku ya furaha. Wageni wameondoka, sufuria zimesuguliwa, shangazi amelala kwenye mkeka huku mdomo wazi. Nina daftari hili na nusu kichupa cha wino. Vitatosha.

Baba yangu, Mwalimu Mhina, alihama Handeni akaja hapa kabla reli haijafika Korogwe, akajenga chuo kwa miti na udongo, akafundisha watoto Kurani na kuandika mpaka siku aliyoanguka. Mimi nilirudi kwake baada ya kupewa talaka. Hakuniuliza kitu. Alifunga pazia kwenye kona ya chuo, akaniweka nyuma yake, akasema wadogo wanaokosea herufi ni wangu. Miaka sita nimefundisha nikiwa nyuma ya pazia. Kijiji kizima kinaijua sauti yangu. Kosa alilofanya mwanafunzi akiwa mlangoni nililisikia nikiwa kona ya mwisho, na nilimrudisha mpaka apatie.

Lakini kuna jambo ambalo baba peke yake alilijua. Mimi macho ya watu yananiua. Wakinitazama zaidi ya watatu, koo linajifunga, masikio yanavuma, na kila nilichokihifadhi kinaondoka. Pazia lile halikuwa la heshima tu. Lilikuwa maficho yangu.

Siku ya tatu ya msiba, wanawake wakanipa msahafu nisome Yasini. Binti wa mwalimu, nani mwingine? Nilifika aya ya tatu nikakwama. Sikukohoa, sikulia, nilikwama tu, mdomo wazi, wote wananitazama. Mwanamke mmoja akanipokea kwa huruma akamalizia. Huruma ile iliniuma kuliko aibu yenyewe.

Kesho yake Mzee Semndili, ambaye ndiye msemaji wa wazee na ana wajukuu wanne chuoni kwetu, alimwambia shangazi kwamba watangoja mpaka arobaini. Kama mpaka hapo hakuna mtu wa kushika chuo, watoto watahamia kwa mwalimu wa Kilole. Mzee si mtu mbaya. Lakini wale wadogo wa miaka mitano na sita, nani atawatembeza mpaka Kilole kila asubuhi? Wangeacha. Najua wangeacha. Na kazi ya maisha ya baba yangu ingebaki kuta za udongo za kufugia kuku.

Mtu pekee aliyeweza kukishika ni mimi. Hilo nililijua, na ndilo lililoninyima usingizi.

Nikaanza kutafuta dawa. Shangazi Mwanaidi aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, nikanywa kombe siku saba. Sisemi vibaya, kombe lilinituliza moyo. Koo halikusikia. Nikanywa asali na tangawizi. Nikaenda kwa mganga mmoja kwenye njia ya Mashewa, akanipa mzizi wa kutafuna, ulimi ukafa ganzi mpaka adhuhuri na shangazi akadhani nimepooza. Nikawasomea mbuzi. Mbele ya mbuzi nilisoma vizuri ajabu.

Na kila niliyemweleza aliniambia, jipe moyo. Kana kwamba moyo unauzwa dukani kwa Mhindi pale stesheni, na mimi nilisahau kununua.

Sasa niandike kosa langu, maana bila kosa lile leo isingekuwepo.

Siku ya mazishi, jeneza linataka kutoka, Kalunde alikaa katikati ya mlango akanyoosha miguu. Kalunde ni Mnyamwezi. Alikuja na mume wake kufanya kazi kwenye shamba la mkonge la Mdachi, wanakaa kambini kule chini. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana haki yake msibani. Kalunde akasema maiti haitoki mpaka apewe ada. Watu wakacheka, hata wenye machozi walicheka. Kisha akachukua kofia ya baba, akaivaa, akatembea kama yeye, ameinama upande mmoja, anakohoa kile kikohozi chake, anatafuta bakora ambayo anayo mkononi.

Ilikuwa sawasawa na baba. Hilo ndilo lililonishinda.

Nilimrukia nikamvua kofia, nikamsukuma akaanguka, nikamwita mshenzi mbele ya watu wote. Kumkasirikia mtani msibani! Hata mtoto mdogo wa Kizigua anajua hilo halifanyiki. Baba mwenyewe, angeweza, angekaa kitako kwenye jeneza kunikaripia.

Shangazi aliniacha mpaka siku ya saba, ndipo akanishikisha kuku miguu. "Mwanangu, umevunja utani. Kalipe faini kabla baba yako hajaanza kututokea ndotoni."

Nikaenda kambini na kuku wangu na kiburi changu. Kalunde alikuwa ndio kwanza anarudi kukata mkonge, mikono imejaa michubuko. Alimtazama kuku, akanitazama mimi.

"Huyu ndiye kuku au ndugu yako? Mbona wote mmekonda sawasawa?"

Nikaomba radhi kama nilivyofundishwa. Akasema kuku hamtaki. Akasema amesikia nilikwama kwenye Yasini, habari imefika mpaka kambini, na kwamba Mzigua anayeweza kumsukuma Mnyamwezi mbele ya maiti halafu anaogopa kusoma mbele ya wanawake, huyo ana ugonjwa wa kuchekesha. Faini yake ni kwamba kila siku akirudi kazini niende nimsomee, yeye na wenzake.

Nikamwambia Kurani haichezewi. Nilisema kwa ukali, na hilo sijutii.

"Nani kasema tuichezee?" akajibu. "Wewe si mwalimu? Tufundishe hizo herufi zenu. Tutakucheka wewe, herufi hatutazigusa."

Nilirudi nyumbani nimekasirika mara ya pili. Lakini faini ni faini.

Siku ya kwanza walikuwa wanawake kumi na mmoja, wamekaa chini, miguu imejaa vumbi, wamechoka na wanataka kicheko. Nikachora alifu kwenye vumbi kwa kijiti. Nikanyanyua kichwa, nikayaona macho yao, nikakwama. Pale pale. Kalunde akasimama kando yangu akakwama na yeye. Alitoa macho, akaachia mdomo, akashika kijiti hewani, kimya. Wanawake walicheka mpaka mmoja akajilaza. Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Siku ya pili nilikwama, akakwama. Siku ya tatu vilevile. Sijui ni siku ya ngapi nilipomtazama kwa jicho la pembeni, nikamwona na lile domo lake, nikafikiri, kumbe ndivyo ninavyokaa? Hiki ndicho ninachokificha miaka yote? Mtu aliyeachia mdomo tu? Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Na pumzi ikatoka pamoja nacho. Na baada ya pumzi, sauti.

Tangu siku ile nilikwenda kambini nikiwa na haraka. Sikumwambia mtu, hata shangazi. Walinicheka matamshi, walinicheka mwendo, walinicheka talaka yangu, na mimi nikawajibu. Nilijua kujibu! Niligundua nina mdomo mchafu kiasi, Mungu anisamehe. Tukafika herufi ya mwisho. Wanne kati yao sasa wanaandika majina yao, na mmoja anaandika la mume wake akiwa amekosana naye, ili alikanyage.

Mtu asinielewe vibaya, woga haukuisha. Leo asubuhi nilitapika chai.

Watu walijaa. Wanaume barazani, wanawake ndani mpaka jikoni. Hitima ikasomwa ikaisha. Kabla ubwabwa haujapakuliwa, Mzee Semndili akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba kuna neno la chuo, na kwamba shangazi amemwomba tumsikilize binti wa marehemu kwanza. Nikamtazama shangazi. Akatazama dari. Kumbe alijua siku zote nilikokuwa nakwenda.

Nikakaa kizingitini. Mbele yangu wanaume, nyuma yangu wanawake, pazia hakuna. Nikaanza Yasini.

Aya ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, na koo likanikumbuka. Nililisikia likifunga, taratibu, kama mtu anavyofunga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Nikanyanyua macho. Kalunde alikuwa amesimama nje, nyuma ya wanaume, karibu na mafiga, alimdanganya nyapara kwamba tumbo linamuuma, amevaa kaniki yake safi. Wala hakucheka. Alinitazama tu, halafu, polepole, akatoa macho na kuachia mdomo.

Nikapumua. Na nikaendelea.

Nilisoma mpaka mwisho. Nilisoma kama baba alivyonifundisha, kila herufi mahali pake, na katikati nikasahau kwamba natazamwa, na karibu na mwisho nikakumbuka tena na wala sikujali. Nilipofunga msahafu, Mzee Semndili alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba huku anajifanya anafuta jasho.

Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa, chuo tumkabidhi nani?"

Wote wakamgeukia shangazi, maana hivyo ndivyo inavyokuwa, mwanamke mdogo husemewa na mkubwa. Shangazi akafunga mdomo. Mwanamke yule hajawahi kufunga mdomo maisha yake yote.

"Mimi," nikasema. "Nipeni mimi."

Mzee mmoja wa pembeni akaguna kuhusu wavulana wakubwa kufundishwa na mwanamke. Mzee Semndili akamwuliza, je, mwanawe aliyehitimu mwaka juzi alirekebishwa herufi na nani. Nadhani alikumbuka. Wakaomba dua, wakaitikia amina, na chuo kikawa changu.

Andika tena, Mwajuma, ulione kwa macho yako. Chuo ni changu!

Nimefurahi kiasi kwamba naona haya. Baba hajamaliza siku hamsini kaburini na mimi nataka kupiga vigelegele. Lakini naona yeye ndiye angevipiga wa kwanza.

Najiuliza pia, miaka yote hii nilikuwa natafuta nini? Nilitaka mtu aniondolee woga, aufukie mahali nisiuone. Walionipenda walinionea huruma, wakatazama pembeni kila nilipokwama. Aliyenisaidia ni yule aliyekataa kutazama pembeni. Sasa nimeelewa kwa nini wakubwa wetu waliweka watani msibani. Siku ile niliwaona wamekosa adabu.

Nilikuwa nimefikia hapa, nimeanza kukausha kalamu, niliposikia hodi uani. Kalunde. Amerudi, na amemshika mkono binti yake, Nyamizi, wa miaka kama saba hivi, ameoshwa mpaka anang'aa.

Nikamwambia shughuli imekwisha, ubwabwa umekwisha, Wanyamwezi warudi kwao. Nilidhani atanijibu. Badala yake alisimama anatazama chini, na mimi sijawahi kumwona Kalunde akitazama chini.

"Mfundishe huyu," akasema.

Nikauliza ni dini au ni kuandika. Akasema kuandika. Akasema mama yake yuko kwao, Unyanyembe, waliachana yeye akiwa msichana, na mpaka leo mama yule hajui kama mwanawe yu hai au alifia njiani. Huko kuna watu wanaojua kusoma herufi hizi. Akipata wa kuandika barua, itafika tu.

Mwezi mzima nimekwenda kambini kwake. Siku zote zile za kicheko. Na jambo hili alikuwa nalo kifuani.

Nikamwambia niiandike sasa hivi, kalamu hii hapa, wino bado upo. Akatikisa kichwa.

"Wewe utanitukana humo ndani nisijue," akasema, na sauti yake ikakatika katikati. "Nataka aandike wa kwangu."

Nikamngoja. Alikuwa amekwama, kweli kweli, mdomo wazi, machozi yanamtiririka. Ilikuwa zamu yangu, na mtani hupewa haki yake. Nikatoa macho, nikaachia mdomo. Akanipiga kofi la bega, akacheka, akalia, tukalia wote wawili pale uani mpaka shangazi akaamka na kuuliza nani tena amekufa.

Kesho ni Jumamosi, chuo kinafunguliwa. Nina wanafunzi kumi na saba. Yule wa kumi na saba nitamkalisha mbele kabisa, nianze naye, maana kuna mama Unyanyembe amengoja sana.