Toleo la Mwisho la Kinyozi wa Kona

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu kutoka kwetu sote, wazima na wagonjwa. Hujambo? Mgongo wako umepona, au bado unajipaka yale mafuta yanayonuka na kumfukuza wifi yangu chumbani? Na yeye hajambo? Watoto je? Picha ya yule mkubwa imefika, na nimeona pua ya Baba imevuka mipaka yote bila pasi wala viza. Sisi huku tunajikongoja. Mimi mwili ni mzima, ila roho imenichafuka, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Kwenye simu hukawii kusema, "Dada, nitakupigia baadaye, nashuka basi," na hiyo baadaye yako hatujawahi kuiona. Barua huwezi kuikata. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Baba kifua kimemrudia. Nilikwambia juu juu mwezi uliopita, sikukwambia yote. Anakohoa mpaka anashika ukingo wa kitanda, na macho yale yaliyokuwa yakiona jiwe moja kwenye gunia la mchele sasa hayasomi hata maandishi ya kwenye kopo la dawa. Lakini ulimi uko palepale. Jana amenikosoa uji. Mtu aliyepikia hospitali nzima miaka yote ile humpikii ukapona.

Sasa nikupe habari za kaka yetu mkubwa, na nakuomba usiwe unakula.

Siku hizi mtaani anaitwa Bwana Gredi, na jina amelitafuta mwenyewe. Unajua tangu utoto alikuwa akihifadhi vile vitabu vya katuni, sisi tukidhani ni mapenzi ya hadithi. Kumbe hadithi hana habari nazo. Ana chama chao cha wakusanyaji, hukutana Jumamosi ghorofani, juu ya duka la fotokopi. Nilimpelekea ufunguo siku moja nikawakuta. Watu wazima na ndevu zao, wamevaa glavu nyeupe, wamezunguka kijitabu kimoja kama wanaosha maiti. Mmoja ana lenzi anachungulia pini zinazoshika kurasa. Mwingine anapima kona. Wa tatu, yule wanayemwita Mwenyekiti, ameinama ananusa karatasi kama ina ukungu. Nikauliza, hicho kitabu kinahusu nini? Wakatazamana. Hakuna aliyejua. Wananijibu habari za mgongo haujavunjika, jalada halijafifia, nakala zilizobaki ni chache, na bei inapanda.

Wakishamaliza kunusa na kupima wanakipa gredi, nane nukta tano, tisa nukta nne, kisha wanakifungia kwenye boksi gumu la plastiki lisilofunguka. Ukilifungua, gredi imekufa na bei imekufa. Kwa hiyo kitabu kinachothaminiwa kuliko vyote ni kile ambacho hakuna atakayekisoma tena. Nilitoka pale nikanunua maji ya baridi nisukutue.

Huo ugonjwa ameuleta nyumbani. Kila kitu anakipa gredi. Chapati zangu gredi. Mchumba wa binti yangu gredi, mbele ya wazazi wa kijana. Na siku tuliyomrudisha Baba kutoka kupigwa picha ya kifua, akasimama mlangoni, akamtazama mzee anavyoshushwa kwenye gari, akasema, "Mzee naye kingo zimeanza kuchakaa." Akacheka. Kitinda, nilikuwa nimebeba chupa ya chai. Mungu ndiye aliyeuzuia mkono wangu.

Hilo bado si kubwa. Kubwa ni chumba. Kile chumba cha mbele, tulipokuwa tukila sote, ndicho kikavu kuliko vyote, unakijua. Basi Bwana Gredi akasema karatasi haitaki unyevu, akajaza maboksi yake humo, akafunga mapazia jua lisifike, akapiga marufuku chai ya moto kwa sababu ya mvuke. Baba akahamishiwa chumba cha nyuma, kile ambacho ukuta wake unatoa maji kama paji la uso la mwizi. Yaani karatasi zimepewa pakavu na kifua cha Baba kimepewa ukungu. Mimi nilikuwa kwangu wakati huo, sikuambiwa. Baba mwenyewe hakusema neno, unamjua, mwanawe wa kwanza hamkatalii kitu. Niliporudi kumuuguza ndipo nikayaona kwa macho yangu.

Nikamwambia aondoe takataka zake. Akanijibu kwamba huu ni urithi wetu sote, kwamba nikileta unyevu nitawanyang'anya hata wanangu. Urithi, mwenye nyumba akiwa hai anakohoa upande wa pili wa ukuta. Hana haya, hana soni.

Sasa nikufikishe kwenye jambo lenyewe.

Unamkumbuka Kinyozi wa Kona, yule wa kitabu cha katuni? Najua unamkumbuka. Mwisho wa mwezi Baba anarudi na toleo jipya kiunoni, ndani ya aproni ili lisilowe, tunapanda wote kitandani kwake, na yeye anasoma kwa sauti zote, ya kinyozi, ya polisi, ya mama muuza maandazi. Sheria ilikuwa moja tu, hakuna kudokoa. Anayesoma mbele ya wenzake ni sawa na anayedokoa nyama chunguni kabla ya wageni. Na unakumbuka toleo la mwisho lilitoka wakati Baba amehamishiwa kazi hospitali ya mbali. Kwenye hadithi duka la kinyozi lilikuwa limechomwa moto, na toleo hilo ndilo lingetuambia nani aliyelichoma. Kaka akalinunua, akaliweka, sisi tukangoja Baba arudi. Aliporudi, Kaka akasema kitabu kimepotea, na wachapishaji walikuwa wameshafunga. Baba alisema basi, yaliyopita si ndwele.

Mdogo wangu, hakikupotea. Mwezi uliopita Kaka alitundika ukutani boksi moja la plastiki, na Mwenyekiti na wenzake wakaja kulishangilia, gredi tisa nukta sita, haijawahi kuonekana. Nikasogea kutazama. Ni Kinyozi wa Kona, toleo la mwisho. Alikificha tangu siku ile, hakukifungua, ili kona zisijikunje. Alimdanganya baba yake kwa ajili ya kona.

Nilimwambia Baba. Sikuweza kunyamaza. Nilidhani atakasirika, kumbe uso ulimkunjuka kama mtoto. Akasema tangu siku zile yeye anamshuku fundi cherehani, jirani wa kinyozi, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na mafuta ya taa, na angependa kujua kabla hajafumba macho kama alikuwa sahihi. Akamwita Kaka, akamwomba. Ndiyo, alimwomba, kwa adabu, mzee mzima anamwomba mtoto aliyemlea. Kaka akasema, "Baba, ukikifungua tu kimekufa." Baba akageukia ukuta. Ule ukuta unaotoka maji.

Jumamosi, Kaka alipokwenda chamani kwake, nilichukua bisibisi. Lile boksi ni gumu kweli, lilinichubua kidole, lakini na mimi ni binti wa mpishi, kuna mifupa migumu zaidi nimeshaipasua. Nikakitoa kitabu, nikapanda kitandani kwa Baba, nikaanza kusoma na sauti zote kama yeye.

Sikumaliza ukurasa wa kwanza. Baba akainua mkono akasema, "Hiyo tumeshaisoma." Nikamwambia haiwezekani, Baba, jalada hili hapa la mwisho. Akaniambia ukurasa unaofuata kinyozi anamnyoa diwani na diwani analalamika wembe ni butu. Nikafungua. Diwani huyo, na wembe butu. Nilifungua mpaka mwisho. Ni toleo la kabla yake, neno kwa neno. Huko kiwandani walikosea, wakatia jalada la mwisho juu ya kurasa za toleo lililotangulia.

Umeona mambo? Kaka amekaa na kitabu hicho miaka yote. Wenzake wamepima kona, wamehesabu kurasa, wamekagua pini, wamenusa, na kati yao wote, na lenzi zao, hakuna hata mmoja aliyesoma mstari. Walijua kila kitu cha kitabu isipokuwa kitabu. Na Baba ambaye haoni alikijua kwa kusikia sentensi mbili.

Kaka aliporudi nilidhani ataona aibu. Nikamweleza yote. Akapiga magoti sakafuni kuokota vipande vya plastiki, kisha akauliza kama nilikunja kona. Nikasema tena, taratibu, kwamba ndani si penyewe. Akaacha kuokota. Nikasema moyoni, sasa imemwingia. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Akampigia simu Mwenyekiti, na kabla chai haijapoa wako wawili chumbani kwa Baba, na glavu zao, wanasema kosa la kiwandani ni adimu kuliko kitabu kizima, kwamba nimeharibu lakini si sana, kwamba kikifungwa upya kitapanda. Walikuwa wanalizungumza hilo wameegemea kitanda, miguu ya Baba iko kati yao. Mzee alikohoa, na Mwenyekiti akakiinua kitabu juu kisirukiwe na mate.

Hapo ndipo nilipochemka. Niliwatoa wote wawili, kitabu wakabeba, sikitaki, hata kukitazama naona kinyaa. Kisha nikaita vijana wawili wa gereji ya jirani, tukatoa maboksi yote ya Kaka chumba cha mbele tukayapeleka cha nyuma, kwenye ukungu, na kitanda cha Baba tukakileta hapa. Nimefungua mapazia. Kaka haongei nami, na ni mapumziko makubwa. Huko nyuma naambiwa amewasha feni tatu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wengine wana upara.

Sasa nakuja kwako. Unakumbuka siku uliyotoka kunyolewa ukanivuta nyuma ya tangi la maji, ukaniambia kwa kinyozi palikuwa na nakala ya wateja ya toleo hilo la mwisho, chakavu, haina hata jalada, na wewe umedokoa mpaka mwisho? Ulitaka kuniambia nani alichoma duka, na mimi nikaziba masikio nikaimba kwa nguvu, kwa kuogopa sheria ya Baba. Hujawahi kumwambia mtu, maana kiboko kilikuwa kinakungoja. Basi katika ukoo mzima, ni wewe peke yako unayejua.

Nilimwambia Baba. Alicheka mpaka nikamletea beseni. Akasema alijua, kwa sababu usiku ule aliporudi na kuambiwa kitabu kimepotea, sisi wengine tulilia na wewe ulikula mboga za watu wawili. Amekusamehe. Nikamwambia, haya Baba, leo hii namwandikia, atatuletea jibu na nitakusomea.

Akatikisa kichwa. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza chumvi:

"Asiandike. Nimeshasomewa sana. Mwambie aje, apande hapa kitandani, anisimulie kwa sauti zote."

Nikamwambia uko mbali na kazi zimekubana. Akasema hana haraka, atangoja. Kitinda, yeye ndiye anayesema hana haraka. Daktari aliniita kwenye korido, akafunga mlango kwanza, akaniambia tusipange mambo ya mwakani. Kaka amesikia hayo kutoka kwangu. Wewe unayasikia sasa. Kwa hiyo usinitumie ujumbe wa simu wenye jina la mchomaji, wala usimwambie wifi anipigie. Nikilijua mimi, Baba ataniona usoni, na atakuwa hana tena cha kukungojea.

Omba ruhusa kazini kesho.

Nisalimie wifi yangu, mwambie yale mafuta ya mgongo ayaache hukohuko. Wasalimie watoto wote, hasa huyo mwenye pua ya babu yake. Binti yangu anakusalimu, na mchumba wake pia, ambaye gredi yake kwangu mimi inatosha. Shangazi wa ng'ambo ya barabara anauliza kama bado unaogopa bata. Mungu akuongoze njiani, akufungulie kila mlango utakaoubisha, na akukutanishe nasi sote tukiwa bado tumetimia.

Ni mimi akupendaye, hata ukiniudhi,

Dada yako