Isale Lililofika Barking

Barking, London
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta umeketi pale nyuma ya jiko ukichambua maharage, na kwamba goti limekuachia kidogo tangu mvua zikatike. Ng'ombe ameshazaa? Na shangazi Ndeanasia, bado anakataa kwenda kupimwa macho? Mwambie nimesema akiendelea hivyo ataanza kusalimia migomba.

Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho kimejaa, na mliokijaza ni watu watatu: wewe, mwanao Elibariki, na mwanamke mmoja wa kutoka milima ya Ufilipino ambaye nakaa naye nyumba moja. Ninyi wawili na yeye hamjawahi hata kusalimiana, lakini mmenifunga kamba ambayo nimeshindwa kuifungua, na nimekasirika mama, nakwambia ukweli. Ndiyo maana nakuandikia. Kwa simu ningepiga kelele, halafu ungesema Ulaya imeniharibu adabu.

Bahasha yako ilifika. Mke wa mchungaji aliileta mwenyewe hadi mlangoni, siku ya Alhamisi, nami nilikuwa kazini. Wiki ile nilipangiwa shifti tatu mfululizo za kulala huko huko kwa wazee ninaowatunza. Aliyeipokea ni Felisa, na kwa kuwa ndiye chanzo cha mkasa wote, ngoja nikueleze ni mtu wa namna gani.

Felisa ni Mfilipino, lakini ukimwita hivyo tu anakukata jicho. Yeye anasema ni Mwigorot, yaani mtu wa milimani, na kabila lake hasa ni Wakankanaey. Anasema huko kwao watu wa tambarare wamelitumia jina la Igorot kuwatukana babu zake, ndiyo sababu yeye analitamka kwa sauti, kila silabi. Lugha yake haifanani na ile ya Manila. Ile aliisoma shuleni, na nyingine tena aliijulia sokoni, kama vile sisi tulivyokuwa na Kichagga cha nyumbani, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kuchapwa. Sasa kazini bosi wetu haelewi hata umweleze vipi. Akija mgonjwa yeyote mwenye macho ya upande ule wa dunia, Felisa anaitwa akatafsiri. Juzi kaitiwa bibi mmoja ambaye tulikuja kugundua ni Mvietnam. Felisa akakaa naye, wakashikana mikono, wakatazamana. Ni kama mimi niitwe kumtafsiria Mnigeria, na wameshaniita mara mbili.

Kwao wanalima mpunga mlimani, mama. Usicheke. Wamejenga kuta za mawe, ngazi juu ya ngazi, na maji yanateremshwa kwa mifereji toka msituni, kila shamba na zamu yake, na mwenye kuiba zamu anajulikana kijiji kizima. Nilipomweleza habari ya mfongo wetu wa maji, na jinsi baba alivyokuwa anaamka kwenda kulinda maji asiibiwe na akina Mzee Lyatuu, alinielewa kabla sijamaliza. Ukuta ukibomoka wanaitana kijiji kizima kufanya kazi, kama msaragambo wetu. Shida ni kwamba wa kuitwa wamekwisha, wako London wanaosha wazee. Mwaka huu ukuta wa shamba la mama yake umeanguka, na shemeji yake anaujenga huku Felisa anamwangalia kwenye simu. Kila Jumamosi nasikia anafoka jikoni, jiwe hili hapana, lile la chini yake, ligeuze. Nikamuuliza kwa nini asimwachie mtu afanye kazi yake. Akasema mawe hayo babu yake aliyapanga kwa mkono, na shemeji anataka kuweka saruji.

Ukiona nampenda, ni kweli nampenda. Lakini wakati bahasha yako inafika tulikuwa hatusemeshani siku ya sita.

Ilikuwa hivi. Watu wake wana nyama ya nguruwe wanayoipaka chumvi na kuitundika iive yenyewe kwa majuma. Inaitwa etag. Hapa Uingereza hakuna dari ya jiko la kuni, kwa hiyo Felisa akaitundika kwenye kabati lenye tangi la maji ya moto, mahali ambapo mimi naanika sare zangu za kazi. Nikaenda kazini nanukia nguruwe. Mzee mmoja akauliza tangu asubuhi kifungua kinywa kitaletwa lini. Nikarudi nimefura, nikafungua kabati, nikaikuta ile nyama na ukungu wake mweupe, nikaitia kwenye mfuko mweusi nikatupa. Felisa aliporudi hakugombana. Alisema neno moja la kwao, ayyew, neno la kusikitikia kitu kilichopotea bure, akaenda chumbani. Mimi nikasubiri aniombe radhi kwa ajili ya sare zangu. Ndiyo, mama. Nilisubiri.

Jumapili ile natoka shifti, miguu imevimba, nafika nyumbani, na kwenye kitasa cha mlango wa chumba changu nakuta limening'inia isale.

Hujakosea kusoma. Isale, jani la kwetu, limefungwa fundo moja, limenyauka kidogo kingoni. Nilishika moyo. Nikajiambia, kumbe kwao nao wanalo! Kumbe na huko kwenye ngazi zao za mpunga mtu akikosa anafunga jani na kulileta kuomba radhi! Machozi yakanitoka, usimwambie mtu. Nikalichukua kwa mikono miwili kama ulivyotufundisha, nikashuka nalo hadi jikoni, Felisa yuko kwenye sinki, nikamwambia kwa sauti, mbele ya mpangaji mwenzetu wa juu aliyekuwa anasubiri birika, kwamba nimelipokea, nimesamehe kwa moyo mmoja, na jambo hilo limekwisha.

Felisa alikausha mikono taratibu.

"Umenisamehe nini?" akauliza. "Wewe ndiye uliyetupa nyama yangu."

Nikamwonyesha jani. Akaruka nyuma. Akaniuliza kwa nini nimeling'oa mlangoni, nina wazimu, na je, nimeshaingia chumbani?

Ilituchukua vikombe viwili vya chai kuelewana. Kwao, mama, jani likifungwa fundo halina habari ya msamaha hata chembe. Wanaliita pudong. Ukilikuta limesimikwa shambani, njiani au kwenye kitu cha mtu, maana yake ni moja: usiguse, usipite. Ziko siku wazee wa kijiji wanatangaza mapumziko, hakuna jembe kwenda shamba, na mgeni akikuta fundo hilo njiani anarudi alikotoka. Bahasha yako ilikuwa imechanika pembeni, jani likadondoka, naye akaona fundo. Akajua kwetu kumetokea jambo zito na familia imetuma amri kwamba Manka asisumbuliwe wala chumba chake kisiingiwe. Akalitundika kitasani, na bahasha akaipitisha chini ya mlango. Kisha akalinda, siku nne. Alimrudisha binamu Godlisten aliyeleta unga wa ulezi. Alimrudisha fundi wa gesi aliyetumwa na mwenye nyumba, akamwambia kuna katazo, na sasa mwenye nyumba ananiandikia barua anauliza katazo hilo liko kwenye mkataba ukurasa wa ngapi. Mimi ndiye wa kumjibu.

Nilikuwa bado nacheka nilipopanda kuokota bahasha. Nikaketi kitandani, nikafungua, nikaona mwandiko wako. Cheko likanikauka.

Kwa hiyo lilikuwa isale la Elibariki.

Mama, wewe unajua niliapa. Unajua nilisema mbele ya ukoo kwamba sitakanyaga uwanja ule maadamu lile geti alilojenga Elibariki lipo. Mtu mzima, mtoto wa kwanza, anang'oa masale yaliyozunguka kaburi la baba ili gari lipate pa kugeuzia! Akamwaga kokoto juu kana kwamba ni kituo cha mafuta. Miaka mitatu hii Krismasi nimekula Barking, wali na kuku, natazama barafu kwenye madirisha ya watu, wakati Wachagga wote duniani wamepanda mlima kurudi nyumbani. Alinitumia picha ya isale kwa WhatsApp mwaka juzi, nikamjibu kwamba hata mbuzi hawaombwi radhi kwa picha. Mwaka jana akanitumia ujumbe wa sauti, sikuufungua. Nilikuwa nimejipanga vizuri kabisa kutosamehe, mama. Nilikuwa nimezoea.

Halafu unanipitishia jani la kweli, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe, mikono miwili, mashahidi wawili, nasema nimelipokea na limekwisha.

Nilimwendea Felisa kama wakili. Nikamwambia haliwezi kuhesabika, kwa sababu nilikuwa namsamehe yeye, sikuwa namsamehe kaka. Nilikuwa sijui ni la nani. Nikamweleza kwetu ukilikataa isale unajitafutia laana, lakini kupokea kwa makosa si kupokea. Nilizungumza sana. Yeye alikuwa anapaka chumvi kipande kipya cha nguruwe, nilichomnunulia mimi, nikinyenyekea. Wakati nikisema nitamrudishia Elibariki jani lake, aliinua kidole akasema inayan. Hilo ni neno wanalomwambia mtoto anayetaka kufanya jambo ambalo litamrudia. Kisha akasema:

"Jani halikukuuliza ulikuwa unamfikiria nani."

Nimebishana na maneno hayo wiki nzima, kwenye basi, bafuni, nikiwalisha wazee uji. Ndiyo maana nakwambia nimekasirika.

Kisha nikarudia barua yako. Mara ya kwanza nilisoma jina la Elibariki nikaishia hapo. Mara ya pili nikafika pale ulipoandika: "Usidhani aliliomba kwa jirani. Limechipua lenyewe kaburini kwa baba yako, katikati ya kokoto. Alilikuta asubuhi akiwa amewasha gari, akazima, akaja jikoni kwangu akasimama kama mtoto aliyevunja chungu." Mama, jambo hilo ungelianza mstari wa kwanza. Unaandika ukurasa mzima kuhusu kwaya ya akina mama na bei ya mbolea, halafu hilo unaliweka mwishoni karibu na salamu.

Basi sikiliza. Nakuja Desemba. Nimeomba likizo na bosi amekubali, baada ya kuniuliza kama Tanzania kuna mtu anaweza kumtafsiria Mnigeria. Mwambie Elibariki nimelipokea isale lake. Usimweleze nimelipokea vipi, acha adhani nilipiga magoti. Nitakula naye sahani moja. Lakini sitamchekea siku ya kwanza, na geti lile tutalizungumza kwenye kikao, mbele ya baba mdogo Anaeli, na nina mengi.

Nisalimie shangazi na macho yake. Nisalimie mke wa kaka, ambaye najua alimkataza asing'oe, na nilimnunia bure. Binamu Godlisten anawasalimu na anasema unga wa ulezi ameula mwenyewe. Mzee Lyatuu jirani mwambie maji ya zamu ya baba sijayasahau.

Humu ndani utakuta jani jingine lenye fundo. Si isale, ni nyasi ndefu zinazoota kando ya reli nyuma ya nyumba yetu, na aliyelifunga ni Felisa. Hukuniambia kama tangu siku ile Elibariki amewasha tena gari na kuligeuzia pale. Kwa hiyo lifunge kwenye kijiti, ulisimike pale kwenye kokoto, karibu na kichipukizi cha baba. Elibariki akidhani namwomba radhi, mwambie hapana, hilo ni la kwao Felisa, na maana yake ni asipite hapo.

Mwanao anayekupenda, na bado amenuna,
Manka