Ukiguswa na Mpira, Umekufa

Jumatatu, 6 Mei
Mazoezi ya besiboli saa tisa, kama kawaida. Wasichana kumi na wanne, glavu tisa. Vituo vya kukimbilia ni magunia ya mchele kutoka dukani kwa Papa, baba yangu, nimeyajaza maranda. Mvua ya asubuhi imeacha dimbwi kwenye kituo cha pili.

Kupiga mpira kwa gongo wanajua. Kurusha, usiseme. Mado, miaka kumi na mitatu, mtoto wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko, ana mkono ambao sijauona hata kwa mtu mzima. Lakini kudaka, hakuna. Mpira ukija wanaukwepa. Wanaruka, wanajikunja kiuno, halafu wanacheka. Mado ndiye fundi kuliko wote. Nimerudi nyumbani na hasira. Mechi na wasichana wa mtaa wa Tshopo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ripoti yangu ya mafunzo ya ualimu chuoni inategemea mechi hiyo.

Alhamisi, 9 Mei
Nimefanya jambo baya. Niliandike lilivyo.

Nilimsimamisha Mado mbele ya ukuta wa darasa ili asipate pa kukimbilia. Nilimwita mwoga, yeye na wenzake. Nikarusha mwenyewe. Mara mbili alikwepa, wenzake wakashangilia. Nikaona wananicheka mimi. Mara ya tatu nilirusha kwa nguvu. Safari hii alijilazimisha kusimama. Hakukwepa, wala mikono hakuiinua. Mpira ule ni mgumu kama embe bichi. Ulimpata mdomoni.

Damu. Kipande cha jino la mbele mchangani. Hakulia. Alikiokota, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaenda zake.

Ijumaa, 10 Mei
Hakuja shule. Papa Lambert, mwalimu wa michezo anayenisimamia hapa Kabondo, hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliniambia tu niende kwao kabla wao hawajaja. "Na usiende na mudomo mutupu."

Sijala.

Jumapili, 12 Mei
Baada ya misa nilipanda toleka mpaka kwenye maporomoko, sukari na sabuni mapajani. Mwendesha baiskeli akaniuliza naenda harusi ya nani.

Mama Mado alikuwa anapanga samaki juu ya moshi. Hakunipa kiti. Nilisimama nikasema kosa langu lote, hata lile neno la uoga. Hapo ndipo alipogeuka.

"Mutoto yangu haiko na woga. Angalia kule."

Uani wasichana walikuwa wanacheza. Wawili, mmoja kila upande, wanarusha mpira wa mifuko ya plastiki uliofungwa kamba. Wengine wako katikati, wanakwepa huku wakijaza chupa mchanga. Ukiguswa na mpira, umekufa, unakwenda kuketi. Kila msichana wa mji huu anaujua mchezo huo tangu hajaota meno ya pili. Mimi niliutazama kupitia nondo za dirisha. Nililelewa nyuma ya kaunta, nikipanga makopo ya nyanya. Papa alisema hatukutoka Butembo kuja kuzurura na watoto wa barabara.

Miaka yote hiyo wamejifunza kwamba mpira si wa kuguswa. Nami nikaja na filimbi yangu, nikaiita akili yao uoga. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka.

"Ingia," akasema Mama Mado. "Na wewe mupira ikupate."

Halikuwa ombi. Nilivua viatu. Nimekufa mara nane, na chupa yangu haikupata mchanga hata wa kufunika kidole. Wakati nimeketi na wafu, msichana mmoja aliudaka mpira kwa mikono miwili. Kelele! Akaita jina, na mfu mmoja akainuka akarudi katikati. Kumbe anayedaka anafufua mwenzake. Kudaka wanakujua. Wanadaka wakiwa na mtu wa kumfufua.

Mama Mado alipokea sukari. Sabuni akanirudishia, akasema nifue sketi yangu. Mado alikuwa mlangoni, mdomo umevimba.

Jumanne, 14 Mei
Leo sikupiga filimbi. Tumecheza mchezo wao, kwanza na mpira wa mifuko, kisha na mpira wenyewe na glavu. Anayedaka anaita jina. Haikupita nusu saa, wakawa wanasukumana kuugombea. Nilifurahi, na wakati huohuo roho iliniuma.

Mado amerudi shule. Alisimama kwenye ua wa miti, mikono kifuani, akatazama mpaka mwisho. Nilimsalimia. Akaitikia salamu, basi.

Alhamisi, 16 Mei
Mado tena kwenye ua. Wenzake walimwita. Akatikisa kichwa. Nilitaka kwenda kumbembeleza, nikajizuia. Nimeshamlazimisha vya kutosha.

Jumamosi, 18 Mei
Tumefungwa vibaya sana. Wa Tshopo walikimbia walivyotaka, hatukuwa na mkono wa Mado wa kuwazuia. Lakini mipira mitatu ilidakwa hewani, na kila mara wasichana wangu waliita jina la mtu, ingawa hakuna aliyekufa. Mwamuzi alishangaa. Mimi nilicheka na machozi.

Jioni nimemaliza ripoti. Nimeandika habari ya ukuta na ya jino. Papa Lambert alisoma, akauliza kama nina hakika ukurasa huo ubaki. Ubaki. Wakinifelisha, wanifelishe.

Jumatatu, 20 Mei
Jua kali. Dimbwi limekauka.

Niliuawa wa kwanza, kama kawaida yangu. Nikaenda kuketi na wafu chini ya ukuta, ukuta uleule. Tulikuwa sita. Kisha nikaona Mado anatoka kwenye ua, anaingia katikati bila kumwomba mtu ruhusa. Mpira wa kwanza ulimjia usawa wa kichwa. Akaukwepa. Aliniangalia, akingoja nipige kelele. Sikuwa na kelele.

Mpira wa pili akaudaka.

Rafiki zake, wafu wote, wakaanza kumpigia makelele, kila mmoja akitaja jina lake mwenyewe. Yeye aliushika mpira kifuani, akatutazama mmoja mmoja. Pengo lake lilionekana.

"Mwalimu," akasema.

Nikainuka, nikapangusa sketi, nikarudi katikati.